Uchawi wa Watoto na Uchawi wa Watu Wazima

Miaka michache iliyopita nilifunga safari kutoka kisiwani kwenda Kahama kumtazama mdogo wangu, aliyeolewa huko na mtu wa Kisukuma. Nyumba yao iko upande wa Buzwagi, mahali ambapo mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kufikia kikomo mwaka 2021. Nilifika katika miaka yake ya mwisho. Shimo lilikuwa limekwisha kutoa kilichokuwamo, na familia za wafanyakazi zilikuwa zikifungasha mizigo, moja baada ya nyengine. Watoto wa mtaa ule walikuwa wamezoea kuaga.

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka tisa na kigugumizi kizito. Rafiki yake wa pekee alikuwa binti wa fundi mitambo, mgeni mtaani, aliyekwisha badilisha shule mara tatu kwa kumfuata baba yake kutoka machimbo hadi machimbo. Mmoja hakuweza kusema na mwengine hakuwa na wa kusema naye, ndipo wakajuana.

Siku ya tatu ya ugeni wangu niliwasikia chini ya mwembe, karibu na pipa la maji. Walikuwa na kizibo cha soda kilichofungwa uzi mwekundu, na hadithi waliyoitunga wenyewe. Ndani ya pipa, walidai, anaishi chura mzee aliyemeza sauti za watu wote wenye haya. Ndiyo maana hulia usiku kucha, kwani sauti zile si zake na zinamkera tumboni. Ukigonga pipa mara tatu kwa kizibo, chura hukutemea sauti yako. Lakini ni kiziwi, naye hukosea. Basi mpwa wangu akagonga, akapewa sauti ya mbuzi. Akagonga tena, akapewa sauti ya mnadi wa mitumba. Mara ya tatu akapewa ya konda wa basi, akasimama juu ya tofali, mkono mmoja umeshika tawi kana kwamba ni mlango, akaita abiria wa Isaka, Tinde na Shinyanga kwa pumzi moja bila ya kukwama hata herufi. Rafiki yake alicheka mpaka akakaa chini. Nami nyuma ya dirisha nilicheka, kisha nikajikuta machozi yananilenga, kwani tangu nilipofika sikuwa nimemsikia mtoto yule akimaliza sentensi.

Jioni bibi yake alikiona kile kizibo. Hakugomba. Alikichukua, akakifungua uzi, akautia uzi motoni na kizibo akakitupa chooni. Mtoto alilia. Nilipomwuliza kwa upole, kama inavyompasa mgeni kumwuliza mama mkwe wa dada yake, alinijibu bila ya kuacha kuchochea kuni: "Mwanangu, kwenu mtoto huvaa hirizi shingoni, na watu wakapita. Hapa wakikiona kitu chenye uzi mwekundu wataulizana kimetoka kwa nani. Na wa kwanza kutazamwa ni mimi, mwenye macho haya." Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya wanawake wengi waliopika miaka hamsini kwa kuni na samadi ya ng'ombe. Shoga yake aliuawa kwa mapanga baada ya mpiga ramli kusema neno moja.

Tangu siku ile suala moja halijaniacha. Ni haki kumpa mtoto mpweke uchawi wa hadithi, katika nchi ambayo uchawi wa watu wazima umemwaga damu?

Suala hili si jepesi, na sisi wa pwani tusilichukue kana kwamba ni la watu wa bara peke yao. Plato alikwisha kutaka hadithi za walezi zichunguzwe kabla ya kumfikia mtoto, kwa kuwa linaloingia utotoni halitoki kwa urahisi. Angefika Kahama angempa haki bibi yule. Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita umeona mambo ambayo kalamu huyaogopa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo zilisikika kila pembe ya dunia, na aliyevitaka viungo vile aghalabu alikuwa ameahidiwa bahati ya dhahabu au ya samaki. Mwezi Septemba 2009, mwaka ule ule ambao Buzwagi ilianza kutoa dhahabu, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumwua kijana mwenye ualbino. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu watu wasiopungua 75 waliouawa hivyo nchini tangu mwaka 2000, na serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Katika Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, walikusanyika mamia ya watoto wenye ualbino waliotolewa makwao ili wasalimike. Hao ndio wapweke wa kweli: mtoto hutenganishwa na mama yake kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, ameamini hadithi.

Mwenye kusema kwamba hadithi za uchawi ni mchezo tu, basi, ajibu mbele ya watoto hao. Mimi sitosema hivyo. Nitasema kwamba ziko hadithi za namna mbili, na kwamba wazee wetu, wa bara na wa pwani, waliijua tofauti baina yake kuliko tunavyodhani.

Wasukuma wana ngano ya Masala Kulangwa. Masimulizi hutofautiana, ila kiini ni kimoja. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, wakaishi wawili duniani. Mtoto alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi, na alipojibiwa akaondoka kwenda kulitafuta zimwi. Akarudi na panzi: amekwisha kuliua! Mama akamwambia siye. Akarudi na ndege. Siye. Akarudi na mnyama mkubwa zaidi, na mkubwa zaidi ya huyo, na kila mara mama akamwambia siye, mpaka siku alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe akamshinda, akampasua tumbo, na watu wakatoka.

Msomaji wa Unguja au Pemba atakuwa amekwisha kutabasamu, maana ngano hii anayo nyumbani kwa jina jengine. Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili: habari ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Nunda alikuwa paka wa Sultani. Alipoanza kula mifugo watu walishitaki, na Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. (Jibu hili tumelisikia tena katika zama zetu, si kwa paka tu.) Hatimaye paka akala wana wa Sultani wenyewe. Aliyetoka kumtafuta alikuwa yule mwana wa mwisho, mtoto wa jikoni, ambaye baba yake hakumhesabu miongoni mwa watu. Naye pia alirudi kwa mama yake mara baada ya mara na mnyama asiye, na mama akamwambia siye, hadi alipokuwa ndiye.

Tazama sasa uchawi umewekwa wapi. Kabla ya hayo, mtoto yule wa jikoni alilinda mtende wa baba yake pale kaka zake sita waliposhindwa, akamkamata ndege aliyekuwa akila tende. Ndege akamwomba amwachie, akampa unyoya: auchome, na popote alipo ndege atakuja. Hapa ndipo kila mtoto hunyanyua kichwa. Unyoya anaondoka nao, na hadithi inaendelea mpaka Nunda anakufa bila ya unyoya kuguswa na moto. Nilipokuwa mdogo jambo hili liliniudhi, nikaona msimulizi amesahau. Leo nadhani hakusahau. Usiku ule juu ya mtende mtoto hakuwa na unyoya. Alikuwa na mahindi na mchanga, akivitafuna pamoja ili kila usingizi unapomchukua mchanga umkwaruze meno. Unyoya ulikuja baada ya ushujaa, si kabla. Ulikuwa ushahidi wa kubeba mfukoni kwamba kuna mtu duniani, ingawa ni ndege, aliyemhesabu.

Na panzi? Watoto hucheka panzi anapoletwa, na kicheko hicho ndicho kilichoniokoa katika suala langu. Mama yule angeweza kumdanganya mwanawe. Angesema ndiye, hongera, akae naye nyumbani salama. Au angeweza kumdhihaki kwa kuleta kidudu. Hakufanya hili wala lile. Alisema siye, akampikia, na mtoto akaondoka tena kesho yake. Mpweke hapati kujiamini kwa dawa. Hukupata kwa kuwa na mtu mmoja anayeweza kumkosolea bila ya kumwaibisha. Rafiki wa mpwa wangu, kila sauti ya chura ilipotoka siyo, alikuwa akisema: "Siyo hiyo, gonga tena." Binti wa miaka tisa, na hakuwahi kumsikia Nunda wala Masala.

Mganga wa ramli hana panzi. Yeye hakosei, na kwake hakuna mwenye ruhusa ya kucheka. Humwambia mteja kwamba bahati yake imo katika mwili wa mtu mwengine, naye huenda kuichukua. Uchawi wa mwembeni haukumpunguzia mtu kitu: chura aliombwa arudishe alichomeza, naye kwa ukarimu wake akatoa cha ziada. Kipimo changu ni hicho. Nikisikia hadithi yenye uchawi huuliza gharama yake inalipwa na nani.

Lakini kipimo hiki chenyewe hakinipi raha kamili, kwani ngano ya Masala haiishii pale watu wanapotoka. Alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Niliposimuliwa kipande hicho huko Kahama nilimfikiria mama mkwe wa dada yangu, na moyo ukanipasuka. Vizazi vingapi vya watoto wamelala na picha ya bibi kizee mwenye kinyongo na dawa? Ngano nayo imechangia, sitaisafisha. Nitasema tu kile ambacho msimulizi harakishi kukisema na msikilizaji husinzia kabla hakijafika: Masala hakumwua. Alitafuta dawa akamtibu sikio. Yule yule aliyelishinda zimwi aliinama mbele ya kizee aliyemtishia, akashughulikia jeraha ambalo yeye mwenyewe alilisababisha, na ndipo watu wakamfanya mtemi.

Siku ya kuondoka kwangu nilikaa barazani nikingoja gari. Watoto walikuwa tena penye pipa. Kizibo hakikuwapo; mpwa wangu aligonga kwa vidole. Alisema jambo kwa sauti yake, akakwama, akarudia, akakwama tena, na rafiki yake akangoja. Kutoka jikoni, katikati ya moshi, bibi aliwaita kwa Kisukuma. Sikuelewa, nikamwuliza mdogo wangu.

"Anauliza," akaniambia, "huyo konda wao amekwisha kufika Tinde?"