Punda wa Kijana, Mbwa wa Mwenye Nyumba

Picha niliipiga nikiwa dirishani, Jumanne, kama saa moja asubuhi. Inaonyesha punda wa kijivu amesimama nje ya geti letu, mkokoteni nyuma yake, madumu ya njano yamepangwa mpaka juu. Ukiikuza utaona kidonda begani, pale kamba ya nailoni inapopita kila anapovuta. Kipana kama kiganja changu, chekundu katikati, na pembeni cheusi kwa nzi. Kijana wa maji alikuwa uani anamimina dumu la mwisho kwenye pipa langu. Aliponiita, "Dada, tayari," nilitoka nikampa shilingi 2,000 za madumu manne, nikamwambia asante. Kisha nikarudi chumbani na kuituma ile picha kwa afisa mifugo wa kata.

Namba yake nilikuwa nayo tangu siku nilipoiona kwenye tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa, limebandikwa ukutani kwa mtendaji. Sikuwahi kuitumia.

Ninaishi Dodoma, ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na muhula ule nilikuwa naandika kazi ya somo la maadili kuhusu wanyama. Tulikuwa tumepita kwa Kant, aliyeona kwamba anayemtesa mnyama anaharibu kwanza utu wake mwenyewe, na kwa Bentham, aliyesema mwaka 1789 kwamba la kuuliza si kama mnyama ana akili au anasema, bali kama anaweza kuumia. Nilikuwa upande wa Bentham. Punda yule alikuwa anaumia, hilo halikuhitaji hoja. Dumu moja ni lita 20, mkokoteni ulibeba madumu 20, hizo ni kilo 400 kabla hujahesabu chuma na mbao. Mji umejaa watu tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa 2016, mvua ni ya msimu mmoja, bomba la mtaani kwetu linatoa maji kwa mgao, na pengo lote hilo linazibwa na mabega ya punda. Punda afe mzigo ufike, tunasema, na kwa kawaida tunasema huku tukicheka.

Nchi yetu ina sheria kamili ya jambo hili, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kumbebesha mnyama kupita uwezo wake, kumnyima maji, kumwacha na jeraha bila tiba, yote yamo. Kwa hiyo nilipobonyeza kutuma sikuona kama nachongea mtu. Niliona natimiza wajibu wa raia. Nitasema ukweli, nilijisikia vizuri. Usiku ule niliandika kurasa tatu bila kusimama.

Afisa mifugo alikuja kesho yake, mtu mpole mwenye pikipiki kuukuu, na Alhamisi akaniomba nifike ofisi ya kata. Sikutarajia kumkuta kijana wa maji kwenye benchi lilelile nililoelekezwa kukaa. Aliniamkia. Kwa muda akadhani nami nina shida yangu pale. Afisa alipotoa simu na kumwonyesha picha, aliitazama, akalitambua geti, akanigeukia.

"Dada, si ungeniambia?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Katika nusu saa iliyofuata nilijifunza mambo ambayo miezi 14 ya kununua maji kwake haikunifundisha, kwa sababu sikuwahi kumuuliza lolote zaidi ya "mbona umechelewa?" Punda si wake. Ni wa mtu mwenye punda watano na mikokoteni mitano, ambaye anapelekewa hesabu ya shilingi 10,000 kila jioni, kama ya bodaboda, jua liwake au mvua inyeshe. Kamba ya nailoni ilitoka kwa mwenye punda. Kijana aliwahi kuomba mkanda mpana, akaambiwa akinunua ni juu yake. Kidonda alikuwa anakipaka oili chafu ya gari, kwa kuwa ndivyo alivyoona wengine wakifanya.

Afisa alimweleza bila kumtukana. Kamba nyembamba inakata kama kisu. Mkanda mpana wa turubai, wenye sponji la godoro kuukuu kwa ndani, unatawanya uzito. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kipulizwe ile dawa ya buluu, na punda asivute kitu mpaka ngozi ifunge. Wiki tatu, labda nne. Mwenye punda akapigiwa simu, tukamsikia sote kwenye spika: kama huyo kijana hawezi kutunza mnyama, arudishe punda, vijana wako wengi. Hakuitwa ofisini. Hakuna aliyependekeza aitwe, na mimi, niliyekuwa nimejaa Bentham, nilinyamaza.

Punda alipona. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nataka kusema kwamba taarifa yangu ilikuwa kosa. Nilimwona mwezi uliofuata akiwa na kijana mwingine, na mkanda mpana, na kovu la kijivu begani. Kijana wa kwanza sikumwona tena mtaani.

Sasa nije kwa mbwa.

Dirisha nililopigia ile picha linatazama geti. Chumba changu kina dirisha la pili, linalotazama nyuma, na chini yake kuna banda la mabati la mbwa wa mwenye nyumba. Anafunguliwa saa nne usiku, anafungiwa alfajiri. Akiwa ndani anaweza kusimama na kulala; kugeuka ni kwa shida. Oktoba, jua la Dodoma likishapanda, yale mabati huwezi kuyaweka mkono. Maji anapewa jioni pamoja na ukoko wa ugali. Mchana halii sana. Anakwaruza. Nimesoma Kant na Bentham nikisikia kucha zikikwaruza bati, na nilichofanya ni kununua spika ndogo ya muziki.

Miezi 14. Punda nilimwona na kidonda siku mbili tu kabla sijatuma picha.

Nimejaribu kuitetea tofauti hii na nimeshindwa. Nilijiambia kwamba mbwa ni wa ulinzi na ndivyo mbwa wa ulinzi wanavyofugwa. Lakini na punda wa maji ndivyo wanavyofungwa kamba. Nilijiambia kwamba kidonda kinaonekana na kiu haionekani. Lakini kinachosikika nilikisikia. Nilijiambia kwamba kuingilia nyumba ya mtu ni umbea. Ajabu ni kwamba neno umbea halikunijia hata kidogo Jumanne ile. Kwa kijana nilikuwa na neno ukatili, likaja lenyewe. Kwa mwenye nyumba, mzee anayeheshimika, aliyenipokea kwa kodi ya miezi mitatu wakati wengine walitaka sita, neno lililokuja lilikuwa utaratibu wake.

Sikuwa na huruma nyingi kwa punda kuliko kwa mbwa. Kijana wa maji hakuwa na cha kunifanya, basi.

Nilipoanza kuisoma historia ya sheria hizi nilikutana na watu wa aina yangu. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1822 sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe, farasi na mifugo mingine, ikajulikana kwa jina la mbunge aliyeipigania, Richard Martin. Mmoja wa watu wa kwanza kushtakiwa chini yake alikuwa mchuuzi wa mitaani London, Bill Burns, kwa kumpiga punda wake, na inasimuliwa kwamba Martin alimleta punda mwenyewe mahakamani ili majeraha yaonekane. Punda tena. Waliofikishwa mahakamani miaka ile walikuwa hasa wachuuzi, waswagaji na waendesha mikokoteni. Mabwana waliofukuza mbweha kwa farasi na kundi la mbwa waliendelea na mchezo wao mpaka sheria ya 2004. Kabla hata ya Martin, mwaka 1809, kasisi mmoja mwenye ulimi mkali, Sydney Smith, alikuwa amekwisha kuvikejeli vyama vya maadili vya wakati wake kwamba kazi yao ni kukomesha maovu ya watu wenye kipato kidogo.

Rafiki yangu darasani, nilipomsimulia haya, alinijibu vizuri: kwa hiyo? Punda wa Bill Burns alipigwa au hakupigwa? Ukisubiri mpaka uwe na ujasiri wa kuwashtaki wakubwa ndipo uwashtaki wadogo, mnyama anakufa kwenye foleni. Sina jibu la kumshinda, na nadhani yuko sahihi. Punda hajali nilituma picha kwa moyo gani. Lakini hoja yake inanisafisha kuhusu punda tu. Hainisafishi kuhusu lile swali la kwenye benchi. Nilisimama mita moja kutoka kwa kijana yule, nikampa pesa mkononi, nikamwambia asante, na neno moja la kidonda sikulitoa. Ningemwambia, labda angeniambia habari za mkanda, na labda taarifa yangu ingekwenda na jina la mtu mwingine. Kuzungumza naye kulikuwa bure. Kutuma picha pia kulikuwa bure, na hakukunitaka nimtazame usoni.

Kwa hiyo kwa mzee nilianza na mdomo. Nilimfuata Jumapili barazani, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba ruhusa niwe nampa mbwa maji mchana, na kama inawezekana lile banda lisogezwe kwenye kivuli cha mwarobaini. Akacheka. "Binti, umekuja kusoma au kulea mbwa?" Nikacheka naye, jambo ambalo bado linaniudhi. Siku iliyofuata nilimwekea maji kwenye beseni. Jioni nikalikuta beseni langu mlangoni, limeoshwa, limefunikwa. Sijaambiwa neno.

Leo asubuhi nimerudi ofisi ya kata. Sikutuma picha. Afisa mifugo alinikumbuka, akachukua daftari, akauliza mbwa ni wa nani. Nilipotaja jina aliiweka kalamu mezani, akaniangalia, akaniuliza kodi yangu inaisha lini.

Nikamwambia mwisho wa Desemba.

Akaichukua kalamu, akaandika. Amesema atapita Alhamisi, na kwamba hatasema nani kaleta taarifa, ingawa sote wawili tunajua dirisha la nyuma ni moja tu.