Deni la Ndama Yatima

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako mashamba na malisho yamepakana na hifadhi, swali la iwapo binadamu ana wajibu wa kumwokoa ndama aliyefiwa na mama yake haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza kilichomfanya awe yatima. Kila mwaka maelfu ya nyumbu hufa maji wakivuka Mto Mara, na ndama waliopotezana na mama zao huranda ukingoni wakilia mpaka fisi awafikie. Lakini mizoga hiyo hulisha mamba, samaki na tai, na hapo hakuna wa kulaumiwa wala wa kudaiwa.

Hali ni nyingine tembo jike anapokufa kwa kitanzi cha waya ambacho mtu alimtegea nyumbu. Ndama aliye chini ya miaka miwili hawezi kuishi bila maziwa, na kwa kuwa mkono wa binadamu ndio uliomnyima maziwa hayo, kumlea si sadaka, yaani kitu ambacho mtu angeweza kukizuia bila lawama, bali ni kulipa deni. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba wajibu kwa mnyama si wa moja kwa moja, bali ni wajibu kwa watu, kwani anayemtesa mnyama hujizoeza ukatili kwa watu. Mafundisho hayo hayatoshi, kwa sababu yanamwacha ndama mwenyewe bila dai lolote, ilhali sura ya Al-An'am katika Qur'ani inawahesabu wanyama kuwa ni umma mfano wa wanadamu.

Namna ya kulipa deni hilo ilijulikana kwa taabu jijini Nairobi, katika kituo cha tembo yatima kilichoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977, ambako walezi hulala zizini na kumpa ndama mchanga chupa kila baada ya saa tatu. Kabla ya hapo, ndama aitwaye Aisha, aliyemzoea Daphne peke yake, alidhoofika na kufa mlezi wake huyo alipoondoka kwa muda. Tangu hapo walezi hupokezana zamu, ili upendo usimfunge ndama kwa mtu mmoja, na hatimaye awafuate tembo wa mwituni katika hifadhi ya Tsavo. Malezi haya ni magumu kuliko huruma ya kawaida, kwa kuwa anayelea hutakiwa tangu siku ya kwanza kujiandaa kuachwa.

Hata hivyo, mkulima wa Tarime ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku mmoja, au aliyemzika ndugu aliyeuawa na tembo, ana haki ya kuuliza kwa nini maziwa yapatikane haraka kuliko kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, au kifuta machozi, yale ya aliyejeruhiwa au kuuawa. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo, alitangaza mwaka 1961 kwamba wanyamapori ni dhamana kwa ajili ya vizazi vijavyo. Dhamana hiyo haiwezi kubebwa na kijiji kilicho mpakani peke yake, na anayemwomba mkulima huyo aung'oe mtego wa waya anapaswa kwanza kumfikishia kilicho chake.