Mtoto Aliaye Usiku Kucha: Kosa ni la Nani?

Wasomaji wetu wengi mmepata kulea, na nyote mmepata kulelewa, kwa hiyo neno tutakalo kulinena leo si geni kwenu. Wako watoto wachanga ambao hunyonya, hushiba, wakalala. Na wako wengine ambao tangu juma la pili la maisha yao hulia toka jioni hata usiku wa manane, hukunja miguu, hukaza vidole, wasitulizwe kwa ziwa wala kwa wimbo. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa, jambo la kwanza watu watafutalo si dawa, bali ni mkosaji.

Naye mkosaji huwa ni mama. Wengine husema maziwa yake ni mepesi, mtoto hashibi. Basi hukorogewa uji hali hajatimiza miezi miwili. Wengine husema ni chango. Na wengine, kwa sauti ya chini, husema ya kuwa mtoto amebemendwa, yaani mmoja wa wazazi amevunja mwiko wa unyumba wakati wa kunyonyesha, au ametoka nje ya ndoa. Fikirini uzito wa neno hili. Mwanamke hajalala majuma matano, nguo yake yanuka maziwa yaliyocheuliwa, na kila kilio cha mwanawe chageuka kuwa shahidi wa kumshitaki mbele ya majirani. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa ushahidi wa kiumbe asiyeweza kunena?

Madaktari wameichunguza habari hii. Mwaka 1954 Morris Wessel na wenzake wa Marekani waliweka kipimo cha kuwajua watoto hawa: mwenye afya njema, anyonyaye vizuri, lakini hulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, kwa muda uzidio majuma 3. Mwaka 1962 mwenzao T. Berry Brazelton alieleza habari za watoto 80 ambao mama zao waliandika kila siku walilia muda gani. Akaona ya kuwa kilio huongezeka tangu juma la pili, na katika juma la sita hufika kadiri ya saa 2 na robo tatu kwa siku, kisha hupungua. Afikapo miezi mitatu au minne, mtoto aghalabu hutulia mwenyewe. Mama hao hawakuwa wazembe, wala watoto hawakuwa wagonjwa.

Ndiyo maana dawa yo yote inayotolewa katika mwezi wa tatu hupata sifa kubwa! Huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, William Woodward alibuni dawa yake ya chupa ya kutuliza matumbo ya watoto, nayo ikaenea duniani. Kwa miaka mingi ilikuwa na kileo ndani yake. Haishangazi kama watoto walilala. Na habari ya uji, wanawake wa kujitolea waliozunguka nyumba kwa nyumba katika wilaya zetu tangu mwaka 2010, kwa kazi iliyoitwa Mtunze Mtoto Mchanga, walifundisha ya kuwa mtoto mchanga apewe ziwa la mama tu. Uji hauondoi kilio; huleta kuhara.

Lakini tusijifanye wema. Mtoto wetu wa pili alikuwa wa namna hii. Alizaliwa wakati wa kupalilia, nasi tulikuwa tumehamishwa kutoka Ruangwa kuja Nachingwea, mahali tusipokuwa na mama mkwe wala shangazi wa kupokezana mtoto. Zamani mzazi alizungukwa na wanawake wa ukoo. Leo mke wa mwalimu huzaa kati ya wageni. Usiku mwenzetu alizunguka uani na mbeleko, nasi tulilala macho wazi tumeelekea ukutani, tukijiambia ya kuwa asubuhi tuna darasa la watoto sabini. Kana kwamba yeye asubuhi hana jembe, hana ndoo, hana chungu! Uchovu wetu tuliupima kwa pishi, wake kwa kibaba.

Alfajiri moja bibi mmoja jirani alifika mlangoni. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Mtoto wako nimemsikia, lakini sikumjia yeye. Mkeo ataanguka. Wewe huna mikono?”

Hatukuwa na jibu. Siku ile mwenzetu alituambia kwa aibu, akitazama chini, ya kuwa usiku ule alikuwa ametamani kumtupa mtoto kitandani. Akauliza kama yeye ni mama mbaya.

Hili ndilo swali lililotufanya tuandike. Sisi twaona ya kuwa hasira ya mtu asiyelala ni kama njaa ya mtu asiyekula: haitoki katika chuki. Kosa lake laanza mkono unapoitii, kwa maana kumtikisa mtoto mchanga kwaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo, akapofuka au akafa. Mama aonaye mkono wake unataka kutii, na amlaze mtoto chali mahali salama, atoke uani, avute pumzi, amwamshe mtu. Mtoto aliyeachwa alie dakika kumi hajadhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni yule mama, na waliomdhulumu ni sisi tuliosikia tukageuka upande wa pili.

Lakini mtu asiseme, “Ni kilio tu,” akaacha kutazama. Mtoto mwenye homa, akataaye ziwa, atapikaye nyongo ya kijani, mwenye damu katika choo, au aliyelegea na kupatwa na degedege, huyo apelekwe zahanati usiku huo huo. Malaria haingoji mapambazuko.

Usiku uliofuata, mtoto alipokwisha kunyonya, tulimchukua. Tulijifunga mbeleko vibaya, ikabidi kuifunga tena. Kijana mmoja aliyetoka kulinda nguruwe shambani alipita njiani, akacheka: “Mwalimu, leo umekuwa mama?” Tukamjibu ya kuwa mtoto mwenyewe hajauliza. Tukazunguka mkorosho ulio nyuma ya nyumba, tukauzunguka tena, mpaka tukazijua mizizi zake kwa nyayo. Mtoto hakunyamaza. Alilia hata jogoo wa kwanza. Lakini ndani mama yake alikuwa amelala, na mlango tulikuwa tumeufunga.