Hajulikani na Nani?

Kiswahili kina vitenzi vyenye hila. Ukisema chungu kimevunjika, hakuna aliyekivunja. Ukisema njia haipitiki, hakuna aliyeacha kuilima. Na ukisema mtu fulani hajulikani, kesi imekwisha: haulizwi yeyote kwa nini hakumjua. Kosa, kama lipo, ni lake yeye mwenyewe.

Hila hiyo niliifikiria Balangdalalu, wilayani Hanang, nimekaa kwenye benchi la duka moja huku mlima ukiwa umejifunika mawingu. Upepo ulikuwa ukisukuma karatasi tupu ya sabuni mchangani. Herufi zake zilikuwa nene, zimepinda vizuri, na kivuli chembamba kilizifuata kwa nyuma. Kuna mtu aliyekaa akazichora, akafuta, akazichora tena. Sisi tulifua nguo, karatasi tukaitupa.

Yupo mwanamke ambaye karatasi za namna hiyo hakuzitupa. Rosemary Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Mwaka 1950 aliingia shule ya sanaa ya Makerere, akawa mwanamke wa kwanza kusoma pale. Alipomaliza alirudi nyumbani akafundisha shule, akalea watoto, na brashi ikawekwa kando. Alikuwa anakaribia miaka sitini aliporudi kwenye sanaa kwa nguvu zote. Rangi ni ghali, kwa hiyo alichukua kilichokuwa jikoni: karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za mafuta ya Cowboy. Akazikata vipande vidogo, akavibandika kimoja baada ya kingine, wakatokea kuku, ndege na watu wa kijijini.

Hebu tazama kinachoipata herufi mikononi mwake. Kwenye pakiti ilikuwa na kazi moja tu, kuinadi sabuni. Ikishapita kwenye mkasi haisomeki tena, ila inaweza kuwa unyoya shingoni mwa kuku. Imepoteza usomaji wake, haijapoteza maana. Hayo ni mambo mawili, na sisi tuliosoma shule huyachanganya kila siku. Tunadhani tusichoweza kukisoma hakisemi kitu.

Mwaka 1990 jumba la Studio Museum la Harlem, New York, lilipoonyesha kazi za wasanii wa Afrika wa wakati huo, Karuga alikuwa mwanamke pekee kati yao. Alifariki Ayalandi, Februari 2021. Wanaosimulia maisha yake hupenda kusema kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini alipotea. Alipotea kwa nani? Miaka yote hiyo watoto darasani walikuwa wakimwita Mwalimu, na majirani walijua mlango wake. Waliompoteza ni wenye kumbi za maonyesho, nao hawakuwa wamemtafuta.

Huku Hanang jambo hili lina mfano wake. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa alikuwa na sketi yake ya ngozi, na wazee wanayo hata leo. Ngozi hulainishwa kwa mafuta, ikachanwa nyuzi nyembamba nyingi zinazocheza mtu akitembea, ikapambwa kwa shanga. Haina hata herufi moja, lakini wenyewe wanaisoma: huyu ni mke, ana boma, ana sauti. Tena si sauti ya mchezo. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wabarabaig mwaka 1970, alieleza jinsi wanawake walivyokuwa na baraza lao, lenye uwezo wa kumtoza mwanamume ng'ombe akiwakosea. Bomani aliyeshona sketi anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mkono wake. Ichukue sketi hiyo hiyo uitundike ukutani mji wa mbali, na chini yake patawekwa kikaratasi: mtengenezaji hajulikani. Sketi haikubadilika, wala aliyeishona hakubadilika. Kilichobadilika ni macho ya anayeitazama.

Mtu atanijibu kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waache wafanye kazi kimya, sifa zitawaharibu. Methali hiyo tumeigeuza kisingizio. Inamwonya mgema asilewe sifa. Haimruhusu mnywaji kusahau nani alipanda mnazi.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha katika maisha ya Karuga. Kitabu anachokumbukwa kwa kukichorea picha ni The Palm-Wine Drinkard cha Amos Tutuola wa Nigeria, kilichotoka mwaka 1952. Kinamhusu mtu ambaye kazi yake maishani ni kunywa tembo tu. Ana mgema hodari, ana marafiki tele. Siku moja mgema anaanguka mtini na kufa. Tembo linakatika, marafiki wanakatika. Ndipo mlevi yule anapotambua kwamba raha yake yote ilikuwa ikitoka kwenye mikono ya mtu mmoja. Hakusema mgema hapatikani. Alifunga safari hadi mji wa wafu kumtafuta.

Sidhani maisha ya Karuga yalisubiri Harlem ili yawe na maana, wala ya mama aliyeshona sketi yalisubiri jumba la makumbusho. Maana yao ilikuwa imetimia palepale: darasani, jikoni, bomani. Mwenye upungufu ni mlevi aliyekunywa miaka yote bila kuuliza. Kwa hiyo tunapowatafuta akina mama hawa, tusijione tunawafadhili. Tunalipa deni, tena tumechelewa.

Wewe unayesoma, pengine nyumbani kwenu kuna mkeka, kuna kitambaa kilichotariziwa maneno, kuna kibao cha duka kilichoandikwa kwa mkono, na aliyekitengeneza bado yu hai au yupo anayemkumbuka. Uliza jina lote la aliyekitengeneza. Kigeuze kitu hicho, uandike jina hilo nyuma kwa kalamu isiyofutika, pamoja na mwaka.