Mbwa Ndani ya Gari la Safari

Kila majira ya baridi, watalii wengi wa Ulaya huvuka kwa feri kutoka Hispania hadi Moroko na magari yenye vitanda na jiko ndani, wakiwa na marafiki na mbwa wao. Mwislamu anayesafiri nao hukabiliwa na swali la fiqhi: je, mbwa anayelala kando ya mkeka humharibia sala?

Jibu hutegemea madhehebu. Kwa Imamu Shafii, anayefuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mbwa mzima ni najisi nzito: alichokigusa kikiwa na umajimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Wanazuoni wa Hanafi huona najisi ni mate, si mwili. Imamu Malik, anayefuatwa Moroko, alimhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, hata mate yake. Kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa, kama hadithi inavyoamuru, kwake ni utiifu wa ibada, si kuondoa uchafu. Hadithi ni ileile, na tofauti hii ni ya kielimu, haistahili ugomvi.

Hata kwa Mshafii, kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Anaweza kupanda gari hilo, mradi awe na mkeka na vyombo vyake. Mbwa mwenyewe hana kosa: Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, na hadithi sahihi inaeleza mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumnyima mnyama huyo maji ni dhambi.