Roshani ya Merikebu na Haki ya Neema

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa kale waliyapima kwa mizani ya akili na ya dini, ni machache yanayowagusa watu wa zama hizi kama hili: je, mja anapokaa mahali pazuri, hana kazi wala dhiki, macho yake yakistarehe kwa yale aliyoyaumba Mola wake, starehe hiyo ni namna ya ibada au ni mlango wa mghafala? Nimependa kulichukua swali hili na kulipeleka mahali ambapo wengi wangedhani halina makazi, yaani kwenye roshani ya merikebu ya kitalii, kwa sababu hapo neema nyingi zimekusanyika pamoja, na palipokusanyika neema ndipo panapodhihirika kama mtu anajua kuzipokea au hajui.

Safari za namna hii hazikuanza jana. Januari 1891 merikebu ya Kijerumani Augusta Victoria, kwa shauri la Albert Ballin wa Hamburg, iling'oa nanga Cuxhaven ikaelekea Bahari ya Mediterania, si kwa kupeleka barua wala wahamiaji, bali kwa kuwatembeza watu wakati ambapo biashara ya Atlantiki ilikuwa imedoda kwa baridi. Roshani ya faragha, ambayo abiria huitokea kwa mlango wa chumba chake mwenyewe, ilikaa miaka mingi kuwa kitu cha wachache. Meli za Kitaliano Saturnia na Vulcania, zilizoundwa Monfalcone katika miaka ya 1920, zilisifika kwa kuwa nazo katika daraja la kwanza. Na leo meli kubwa huundwa na roshani kwa mamia, zimepangana ubavuni mfano wa sega la nyuki. Ajabu ni kwamba mtu huweza kuilipia roshani yake kwa mali aliyoichuma kwa jasho la miaka, kisha akaitumia kuanikia nguo za kuogelea, naye mwenyewe siku nzima yuko ndani akizungukia meza za chakula na maduka. Na aulizwapo safari ilikuwaje, akajibu kwamba bahari ni maji tu.

Watu wa zuhudi wakisikia habari hii hawashangai, kwani kwao raha ya macho ni kitanzi. Mtakatifu Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi tuitayo leo Aljeria, aliwalaumu katika kitabu chake cha Maungamo wale wanaotoka kwenda kustaajabia milima na mawimbi hali nafsi zao wamezipa kisogo. Na Petrarch Mtaliano, alipoupanda mlima Ventoux mwaka 1336, alikifungua kitabu hicho kileleni, macho yakamwangukia palepale pa lawama hiyo, akateremka bila ya kusema neno. Hoja yao ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Lakini upande wa pili Kurani, mahali zaidi ya pamoja, imezihesabu merikebu zipitazo baharini kuwa katika ishara za Mwenyezi Mungu, na ishara haikuwekwa ili ifumbiwe macho. Basi ikiwa mmoja anaonywa asitazame akajisahau, na mwingine anaamriwa atazame apate kukumbuka, ugomvi hauko katika kutazama. Uko katika namna ya kutazama.

Njia ya kutoka katika mashaka haya aliionyesha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, pale alipoeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba shukrani si neno la ulimi peke yake, bali imejengwa kwa mambo matatu: elimu, hali na amali. Elimu ni kuijua neema na kumjua aliyeitoa. Hali ni ile furaha ya moyo inayozaliwa na elimu hiyo. Na amali ni kuitumia neema katika lile ililokusudiwa. Nami nasema, na hili ndilo neno langu zima katika makala haya, kwamba ladha ya kweli ya roshani ni tunda la shukrani, na kwamba kila anayelalamika kuwa hakuifaidi amepungukiwa na moja katika nguzo hizi tatu.

Tuanze na elimu, ambayo ndiyo shina. Msafiri mwenye busara huijua njia ya meli kabla ya kukichagua chumba, maana roshani hutazama upande mmoja tu, na ubavu wa pili wa dunia umezibwa na chombo kizima. Apitaye Mfereji wa Suez akielekea kusini, Sinai iko mkono wake wa kushoto na mashamba ya Misri mkono wa kulia. Akishaingia Bahari ya Sham, kibla huwa mbele yake kikielemea kushoto, huja kikawa ubavuni kabisa anapopita mkabala wa Jeddah, kisha hubaki nyuma. Na Mwislamu anayeyajua haya, kila anapotandika msala hutambua pia amefika wapi katika ardhi ya Mungu, jambo ambalo mwenziwe asiyejua hulitafuta kwa kuwauliza mabaharia. Tena ajue sehemu za chombo. Atakaye utulivu asidanganywe na fahari ya vyumba vya omo wala vya tezi, wala vya sitaha za juu kabisa, kwa kuwa wimbi likiinua meli huinua zaidi ncha zake, na ikilala huku na huku walio juu ndio wanaopepesuka. Wazee walisema kuwa uende tezi uende omo, marejeo ni ngamani, na katika jambo hili mafundi wa meli hawana la kuongeza. Macho yaliyo mita 25 juu ya maji huona hadi kilomita 18 hivi, na yaliyo mita 10 huona kilomita 11 tu. Lakini huyu wa chini husikia maji yakipasuliwa na chombo na humwona samaki arukaye, kwa hiyo kila daraja ina fungu lake.

Elimu iliyo bora kuliko hiyo ni ya kuyajua yale yanayotazamwa. Nitatoa mfano wa Glacier Bay, ghuba iliyoko Alaska, ambako meli nyingi za kitalii huenda majira ya joto. Mwaka 1794, wanamaji wa nahodha George Vancouver walipopita huko, hapakuwa na ghuba ya kusafiria, bali ukuta wa barafu uliofika karibu na mlango wa bahari. Mwaka 1879 mchunguzi wa maumbile John Muir alipoingia kwa mtumbwi akiongozwa na watu wa kabila la Tlingit, barafu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma makumi ya kilomita. Na leo meli huenda ndani kiasi cha kilomita 100 kabla ya kufika mbele ya mto wa barafu uitwao Margerie. Na kabla ya barafu kulikuwa na watu: Watlingit wa Huna husimulia, mzazi kwa mwana, jinsi wahenga wao walivyokaa katika ardhi hiyo hata barafu ikawashukia kwa kasi katika karne ya 18 ikawafukuza majumbani mwao. Basi yule aketiye kwenye roshani yake akiwa na habari hizi hujua kwamba maji yaliyo chini ya miguu yake yalikuwa barafu jana na makazi ya watu juzi, akaona kwa jicho lake jinsi falme zinavyozunguka mkononi mwa Mwenye enzi. Na yule asiyezijua huona weupe na buluu, akapiga miayo. Hata buluu yenyewe ina sababu, nayo ni kwamba barafu iliyoshindiliwa kwa uzito wake miaka mingi huinywa nuru nyekundu na kuiachia nyingine itoke. Na kuijua sababu hakumpunguzii mtu mshangao wake, bali humwongezea.

Nguzo ya pili ni hali, yaani moyo kuhudhuria. Mbele ya Margerie meli husimama, mitambo ikapunguzwa, na watu husubiri vipande vya barafu vikatike na kuanguka baharini. Hapa pana funzo ambalo halihitaji mhubiri. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, na ikiwa ukuta wa barafu uko mita 700 mbali, mshindo hulifikia sikio sekunde mbili baada ya kipande kukatika; kwa hiyo aliyekuwa ameinamia simu yake, akainua uso kwa kusikia ngurumo, hukuta povu na mawimbi, na tukio lenyewe limekwisha kupita. Anayeona ni yule aliyekuwa anatazama kabla hapajatokea kitu. Ndivyo zilivyo neema nyingi katika umri wa binadamu: haziji kwa wito, humkuta mtu akiwa macho au zikampita, na hakuna majuto yanayozirudisha sekunde mbili.

Funzo la pili ni la subira. Katika ghuba hiyo nahodha hukigeuza chombo polepole mahali pamoja, ili walio ubavu wa kulia na walio ubavu wa kushoto wote wapate kuona. Na wakati huo utawaona watu wakikimbia kutoka sitaha hata sitaha, wakisukumana kwa hofu ya kukoseshwa, hali aliyetulia kitini mwake hujiwa na mlima mzima hadi mbele ya uso wake. Sisemi kwamba mtu asijishughulishe kabisa, kwani kujishughulisha kuna mahali pake. Nasema kwamba pupa humnyima mtu hata kile alichokwisha kuandikiwa.

Na hali njema ina adabu zake ndogo ndogo, ambazo si vibaya kuzitaja katika makala ya kifalsafa, kwa kuwa moyo hufuata mwili. Tokea alfajiri, baada ya sala, wakati nuru ni laini, sitaha zi kimya na wanyama wa baharini huonekana kwa urahisi. Vaa nguo nzito hata kama nchi ni ya joto, maana mwendo wa meli wenyewe huzalisha upepo. Kaa na darubini ndogo pamoja na ramani. Piga picha moja au mbili kisha iweke simu ndani. Usiku zima taa ya chumbani, shusha pazia, na ukae gizani muda wa nusu saa, kwani jicho halikamiliki kuzoea kiza kwa muda mfupi zaidi ya huo; ndipo Kilimia itakapokutokea pamoja na nyota zile ambazo Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, aliziandikia kitabu kizima kwa faida ya manahodha wa Bahari ya Hindi, nazo hazijahama njia zao.

Nguzo ya tatu ni amali, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa kudhani kwamba kitu kilicholipiwa hakina haki tena. Jirani ana haki. Kati ya roshani na roshani pana kiambaza chembamba tu, na sauti ya mazungumzo au ya muziki hukivuka bila ya taabu. Anayeipigisha kelele bahari amemnyang'anya mwenziwe kitu kilekile alichokuja kukitafuta. Wala madhara hayaishii kwenye kelele: Machi 2006 moto ulizuka katika roshani za meli Star Princess ilipokuwa njiani kwenda Jamaica, abiria mmoja akafariki, na wachunguzi wakaona kuwa sababu iliyo karibu zaidi na akili ni kishungi cha sigara kilichotupwa bila ya kuzimwa. Bahari nayo ina haki, kwa hiyo kisitupwe ndani yake kitu chochote, hata ganda la tunda. Na wanyama wake wana haki, na ndiyo sababu wenye mamlaka katika Glacier Bay wameweka mpaka wa meli kubwa mbili tu kwa siku.

Wenye haki waliosahauliwa kuliko wote ni watumishi. Yule anayefuta chumvi kwenye vyuma vya roshani na kukitandika kitanda cha abiria mara nyingi ametoka Ufilipino, Indonesia au India, ameiacha familia yake kwa miezi mingi mfululizo, na chumba anacholala huenda kiko sitaha za chini kisicho na dirisha hata moja. Mtu hawezi kudai kwamba anamshukuru Mungu kwa upeo wa bahari, naye hamtolei salamu wala hamjui kwa jina yule anayemsafishia mahali pa kuutazamia. Basi akimjua jina, akamsalimu kwa heshima na kumlipa ihsani kwa kadiri ya uwezo wake, roshani yake imepata mashahidi wema.

Pengine msomaji ataniuliza: je, mali yote hiyo si israfu, na watu wana njaa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba anayedaiwa aanze kulipa deni, na mwenye kuwajibikiwa na zaka aitoe, na mwenye wazee aliowatupa awarudie, kabla hajanunua tikiti ya starehe. Na akiyatimiza hayo, halali ya Mungu haiharamishwi na wivu wa watu. Na yule ambaye mkono wake haufiki huko asijione maskini wa ishara, kwani sitaha ya boti itokayo Dar es Salaam kwenda Unguja imezungukwa na bahari ileile, na baraza ya nyumba yetu ina mbingu ileile juu yake.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kukaa katika roshani ya merikebu, jifunze kabla ya kwenda, hudhuria ukishafika, na mpe kila mwenye haki haki yake. Na usipojaliwa, yafanye hayo matatu hapo ulipo leo, maana utakapohesabiwa juu ya neema hutaulizwa tu ilikuwa na thamani gani sokoni, utaulizwa pia uliitumiaje.