Wokovu na Haki ya Kukataa

Mkristo anayeamini kwamba hakuna wokovu nje ya Yesu Kristo, naye anaishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu anayempenda, amebanwa pande zote. Akinyamaza, imani yake inamshtaki kwamba anajua jambo la uzima na mauti na amelificha. Akisema, ujirani waweza kuingia doa. Wengi wetu katika miji ya pwani, Tanga hadi Mombasa, tumechagua kunyamaza, na kimya hicho tumekiita heshima. Tunapelekeana futari na pilau ya Krismasi, tunazikana, lakini jambo ambalo kila mmoja wetu analiona kubwa kuliko yote halitajwi.

Sikubali kwamba hiyo ni heshima. Kumheshimu mtu ni kuamini pia kwamba anaweza kusikia neno zito, akalipima, akalipokea au akalikataa. Mwislamu anayeniambia kwa upole kwamba nakosea kumwita Yesu Mwana wa Mungu ananithamini kuliko yule anayetabasamu tu na kubadili mazungumzo.

Ugumu basi uko katika namna ya kusema, na hapa fundisho la wokovu lenyewe linatuwekea mpaka. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu, wala haukupatikana kwa juhudi ya mtu. Ikiwa ni hivyo, anayeutangaza naye ni mpokeaji tu. Hana pa kusimama juu ya mwenzake. Tena, mtu asiyeruhusiwa kukataa hakupewa zawadi, amebebeshwa mzigo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaiacha dini iwe hiari ya mtu, na ni vyema. Lakini kwa Mkristo haki ya kukataa imo ndani ya Injili yenyewe, na ingekuwamo hata kama serikali isingeitambua.

Historia yetu inalipa jambo hili uzito. Watawa wa Roho Mtakatifu walipoweka misheni Bagamoyo mwaka 1868, na Waanglikana walipoanzisha Freretown, Mombasa, miaka michache baadaye, waliwapokea watu waliotolewa utumwani, watoto wengi wakiwamo. Waliwalisha, wakawavika, wakawasomesha, wakawabatiza. Siwezi kuudharau wema ule. Baadhi ya wale waliookolewa wakawa walimu wa dini wenye imani thabiti. Hata hivyo lazima tuulize: mtoto asiye na ukoo wala kwao, angesema hapana angekwenda wapi? Swali hilo halijafa. Linamhusu kila anayehubiri huku ameshika dawa, karo ya shule au debe la mahindi wakati wa njaa. Toeni dawa, na Injili ihubiriwe. Ila mgonjwa ajue kwa hakika kwamba dawa ataipata akikubali na ataipata akikataa.

Mwaka 1844 Mombasa iliona mkutano wa aina nyingine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari mgeni aliyemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka uleule, alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Hapo aliyekuwa na haja ni mhubiri. Kadhi hakutegemea chochote kutoka kwake. Alikuwa mtu mzima katika mji wake, mwenye elimu yake, na angeweza kuondoka wakati wowote. Ninatamani mazungumzo yetu yafanane na yale.

Kwa usawa wa namna hiyo ndipo swali la jirani husikika. Mwislamu mwenye elimu atauliza: Mungu ni Mwingi wa Rehema, humsamehe anayetubu, na kila nafsi hubeba mzigo wake, damu ya mwingine ni ya nini? Wakristo wengi huliona hili kuwa uchokozi. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, hakuliona hivyo. Mwishoni mwa karne ya 11 aliandika kitabu kizima, Cur Deus Homo (Kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu), kujibu pingamizi za wasioamini kuhusu jambo hilo, akijenga hoja yake juu ya deni la heshima ambalo mwanadamu hawezi kumlipa Mungu. Mimi hoja yake hainitoshelezi; inamfanya Mungu afanane mno na mtawala aliyevunjiwa hadhi. Ninaloweza kusema ni kwamba anayesamehe kosa kubwa huumia, na msalabani Mungu aliyachukua maumivu hayo mwenyewe. Jirani yangu atajibu kwamba Mungu hapungukiwi na kitu kwa kusamehe. Ni jibu zito, na sina budi kulibeba nyumbani nikalitafakari.

Mihadhara ya viwanjani, ya kushindanisha Ukristo na Uislamu, haitoi nafasi hiyo ya kutafakari. Aya hupigwa kwa aya, umati hushangilia, na anayeshindwa huondoka na aibu badala ya swali. Nasema wazi kwamba ule si ushuhuda, hata anaposhinda Mkristo.

Mkristo mwenzangu, mwambie jirani yako unachokiamini, bila kukipunguza. Kisha mwombe akueleze kwa nini anaswali, umsikilize hadi amalize. Akikataa ulichomwambia, endelea kumjulia hali akiugua na kumzika akifa, wala usiuhesabu urafiki huo kuwa kazi iliyopotea.